Umeipua, Hujapoza: Hatari Inayobaki Ndani ya Mashine Iliyozimwa

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mafundi, waendesha mashine za kusaga na kukoboa, wachomeleaji na vijana wanaojifunza kazi. Tumeiweka yote kama ilivyosemwa, kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, mafundi wenzangu, kina mama wenye mashine, na ninyi vijana mliosimama huko mlangoni: hamjambo? Itifaki imezingatiwa.

Naomba nianzie jikoni kabla ya kufika karakana. Mama akiipua chungu cha maharage na kukiweka chini kando ya mafiga, je, maharage hunyamaza papo hapo? Hayanyamazi. Yanaendelea kutokota na mvuke unaendelea kutoka. Mtoto akitumbukiza mkono kwa kuwa moto uko kule na chungu kiko huku, ataungua vilevile. Hakuna mtu humu ndani asiyelijua hilo. Kuipua ni jambo moja, kupoa ni jambo jingine, na kati yake kuna muda.

Sasa niulize: kwa nini mtu huyohuyo akifika kwenye mashine anasahau? Anabonyeza kitufe chekundu, ngurumo inapungua, mkono unaingia. Kitufe kile kimefanya nini? Kimekata umeme unaokuja. Nguvu iliyokwisha kuingia hakijaigusa. Iko kwenye rota inayozunguka. Iko kwenye kapasita, kile kifaa kinachohifadhi chaji ya umeme. Iko kwenye tangi la upepo, kwenye kitanda cha tipa kilichoinuliwa, kwenye springi iliyobanwa, kwenye maji ya rejeta. Swichi huipua, haipozi. Naomba neno hilo mtoke nalo hapa: swichi huipua, haipozi.

Nianze na kinachozunguka, kwa sababu ndicho kinachokata vidole na mikono vijijini kwetu.

Mashine ya kusaga ya nyundo huzunguka mara 3000 hivi kwa dakika, na nyingine hupita hapo. Rota yake ikiwa na kipenyo cha sentimita 40, ncha ya nyundo inakwenda mita 63 hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Grainda ya mkononi, ile ndogo ya diski ya milimita 115, huzunguka mara 11,000 kwa dakika, na ukingo wa diski unapita kilomita 230 kwa saa. Ukizima, kasi yote hiyo inakwenda wapi? Inaliwa kidogo kidogo na msuguano wa beringi na upepo, basi. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalitazamii: mashine iliyotunzwa vizuri ndiyo inayochelewa kusimama. Beringi mpya, grisi safi, nyundo zenye uzito uliosawazishwa, mashine ya namna hiyo inaweza kuendelea kuzunguka dakika kadhaa baada ya kuzimwa, tena kimya kimya. Aliyezoea mashine mbovu iliyokuwa ikisimama haraka anabadilishiwa beringi Jumatatu, na Jumanne anaingiza mkono kwa kipimo cha zamani.

Hebu tumfuate kijana mmoja kazini. Msimu wa mvua, mahindi yana unyevu. Chekeche linaziba, unga hautoki, foleni ya ndoo ni ndefu, na watu wanapiga kelele. Kijana anazima. Mota inanyamaza, kwa hiyo anaamini mashine imesimama. Lakini iliyokuwa ikinguruma ni mota na mahindi yanayopigwa. Nyundo zenyewe, tupu, hazina sauti kubwa, na jirani ana mashine ya kukoboa inayovuma. Anafungua mlango wa chekeche na kupeleka vidole kukwangua unga uliogandamana. Chuma cha milimita chache, matundu matupu, na nyuma yake nyundo bado zinapita. Mnajua kilichofuata, sina haja ya kukieleza.

Angefanya nini? Kwanza, apake mstari mweupe wa rangi kwenye puli. Mstari ule ndio saa yake. Ukiuona wote, umetulia, kwenye mwanga wa jua, rota imesimama. Nasema mwanga wa jua kwa sababu: tyubu za zamani zenye balasti nzito humeta mara 100 kwa sekunde, na kitu kinachozunguka kwa kasi inayoendana na kumeta huko kinaweza kuonekana kimetulia kabisa. Wachonga vyuma wanaofanya kazi usiku chini ya tyubu moja, hilo ni lenu.

Pili, kabari ya mti. Kabla mkono haujaingia, mti mgumu uingie ushike rota isigeuke. Kwa nini, kama imekwisha kusimama? Kwa sababu rota ina upande mzito. Ukikwangua unga au kutoa jiwe lililoikwamisha, upande mzito unashuka wenyewe. Kwenye mashine ya kukata majani ya ng'ombe, ile yenye gurudumu zito na visu viwili au vitatu, nusu mzunguko tu wa uzito unaoshuka unatosha kuondoa kidole bila umeme wowote. Kabari hiyo ipakwe rangi nyekundu na ifungwe kwa kamba pamoja na ufunguo wa swichi kuu. Hivyo hutaweza kuwasha huku kabari imebaki ndani, maana ufunguo uko nayo.

Na usizungushe puli kwa kuvuta mkanda kwa mkono. Vidole vinaufuata mkanda hadi pale unapokutana na puli, na pale hakuna nafasi ya kidole. Shika puli yenyewe, kwenye mikono yake, mbali na mkanda.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote ya leo. Niwaulize: katika nchi yetu, ni nani anayezima mashine mara nyingi zaidi? Ni mwendeshaji? Si mwendeshaji. Ni kukatika kwa umeme. Umeme umekatika! Mara ngapi tumelisema neno hilo? Na umeme ukikatika watu hufanya nini? Wanafanya usafi. Wanasema, afadhali, tutumie nafasi hii tubadilishe chekeche, tukaze nyundo, tuondoe buibui kwenye feni. Mashine imezimwa na nani? Haijazimwa na mtu. Swichi bado iko juu. Mashine ile haijazimwa, inangoja.

Kuna mashine zenye kontakta, yaani swichi ya sumaku, inayoachia umeme ukikatika. Hizo zikirudishiwa umeme hazijiwashi mpaka mtu abonyeze kitufe cha kijani, na ulinzi huo ni mzuri sana. Lakini mashine ngapi zimefungwa moja kwa moja kwenye breka au swichi ya mkono? Na kontakta ngapi zimechomekwa kijiti ili zisiachie, kwa sababu koili imechoka na mwenye mashine anangoja mavuno ndipo anunue nyingine? Kijiti kile kimegeuza ulinzi kuwa mtego. Umeme ukirudi, na hauja na taarifa, mota inavuta papo hapo huku mkono uko ndani.

Halafu kuna mashine zinazojiwasha hata bila umeme kukatika. Kompresa ina swichi ya shinikizo: upepo ukishuka, tuseme kwenye bar 6, inajiwasha yenyewe, ikifika 8 inajizima. Ukiikuta imenyamaza haijazimwa, imeshiba tu. Pampu ya kisima yenye boya ni vilevile. Friji ni vilevile. Mota nyingi ndogo za fezi moja zina kinga ya joto ndani ya koili: ikizidiwa inakata, inapoa, na baada ya dakika kadhaa inaunga tena. Fikiria fundi aliyeletewa msumeno wa meza uliokufa kazini. Anabonyeza, kimya. Anafungua kifuniko huku plagi iko kwenye soketi na swichi iko juu, maana kwa macho yake msumeno umekufa. Msumeno haujakufa, umezirai. Na ninyi mnaofunga rilei za ovalodi, zinazokata mota ikizidiwa: zile zenye alama ya A na H, ziwekeni kwenye H, mtu aende mwenyewe kuirudisha kwa mkono. Kwenye A inajirudisha.

Kwa hiyo umeme ukikatika, kazi ya kwanza, kabla ya kusafisha na kabla ya kwenda kununua chai, ni kushusha swichi kuu na kuifunga kwa kufuli. Nasema kufuli, wala sina maana ya karatasi iliyoandikwa "usiwashe". Karatasi haina meno, na anayekuja gizani haisomi.

Kuhusu kufuli naomba mnivumilie, nitakaa hapa kidogo.

Usiku wa tarehe 6 Julai 1988, katika Bahari ya Kaskazini, kama kilomita 190 kutoka Aberdeen, Scotland, kulikuwa na jukwaa la mafuta na gesi liitwalo Piper Alpha. Mchana wa siku hiyo pampu moja kati ya mbili ilikuwa imesimamishwa kwa ajili ya matengenezo. Vali yake ya usalama ilikuwa imefunguliwa na kupelekwa kukaguliwa, na mahali pake pakawekwa kifuniko cha chuma kisichokazwa sawasawa. Kulikuwa na vibali viwili vya kazi, kimoja cha pampu na kingine cha vali, na vilihifadhiwa mahali tofauti. Zamu ikabadilika. Karibu saa nne kasorobo usiku pampu ya pili ikajizima na haikutaka kuwaka. Watu wa zamu ya usiku walitafuta karatasi za ile pampu ya kwanza. Walikiona kibali cha pampu, cha vali hawakukiona. Wakaiwasha. Gesi ikavuja kwenye kile kifuniko, ikalipuka. Watu 167 walikufa.

Pampu ile ilikuwa imezimwa. Imezimwa kabisa, na mafundi waliosomea kazi hiyo. Kilichokosekana ni njia ya kumfanya mtu wa usiku ashindwe kuiwasha kwa mkono wake. Karatasi ilikuwepo. Karatasi inahitaji kuonekana na kusomwa, na kufuli halihitaji. Mkono wa mtu mwenye haraka ukikutana na chuma, unasimama.

Sasa kwetu sisi, wenye swichi moja ukutani, kufuli linakwenda hivi. Mtu mmoja, kufuli moja, ufunguo mmoja, na ufunguo uko mfukoni mwa yule ambaye mikono yake iko ndani ya mashine. Usiache ufunguo mezani, wala kwa tajiri, wala kwa mtoto wa dukani. Mkiwa watatu kwenye mashine moja, makufuli ni matatu. Kuna kipande cha chuma chenye matundu sita kinachouzwa kwa kazi hiyo, na mchomeleaji yeyote hapa anaweza kukitengeneza: bati nene la milimita 3, matundu sita yaliyopangwa, kinapita kwenye swichi na kila mtu anatia lake. Kila mmoja anatoa lake kwa mkono wake. Mashine haiwaki mpaka wa mwisho ametoka. Kama swichi yako haina tundu la kufuli, toa fyuzi uweke mfukoni. Kama ni ya plagi, chomoa plagi uiweke mahali unapoiona kwa macho ukiwa kazini.

Mkishafunga, jaribuni kuwasha. Ndiyo, bonyezeni kijani kwa makusudi. Watu wamewahi kufunga swichi ya mashine ya jirani wakidhani ni yao. Isipowaka, bonyeza chekundu tena uirudishe kwenye kuzimwa, usiache imekaa tayari. Na mwenye kiwanda asione haya ni ya hiari yake: Tanzania tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, wenzetu wa Kenya wana ya kwao ya 2007, na zote zinamtwika mwajiri mzigo wa usalama wa mashine.

Tuje kwenye umeme uliobaki. Hapa kuna aina mbili, na watu huzichanganya: umeme uliobaki umejificha ndani, na umeme unaoingia kwa mlango mwingine.

Uliojificha ndani, mwenyeji wake ni kapasita. Ile ndogo ya feni, ya maikrofaradi 2 au 3, ikikupiga kwa kawaida haitakuua yenyewe, ila utaruka, na kama uko juu ya ngazi, sakafu ndiyo itakayokuua. Ile ya maikrowevu ni habari nyingine: inachajiwa kwa zaidi ya volti 2000. Ndani yake kuna rezista ndogo ya kuinyonya taratibu baada ya kuzima, lakini rezista hiyo ikikatika hakuna taa wala sauti ya kukuambia. Asiyefundishwa kazi hiyo asiifungue maikrowevu.

Zaidi ya hizo, siku hizi kuna vile vifaa vya kurekebisha kasi ya mota, na invata za pampu za sola. Umeme wa fezi tatu wa volti 400 ukiingia mle unageuzwa kuwa DC, umeme wa mwelekeo mmoja kama wa betri, wa volti 565 hivi, unahifadhiwa kwenye kapasita kubwa. Ukizima breka, taa za kioo zinazimika. Je, volti 565 zimeondoka? Hazijaondoka. Soma kibandiko ubavuni: kitakwambia ungoje dakika 5, au 10, au 15, kulingana na ukubwa wake. Namba ile si mapambo. Ingoje yote, kisha upime kwa mita, iliyowekwa kwenye DC na yenye uwezo wa volti 1000, kati ya vituo vya chanya na hasi. Kama rezista ya ndani imekufa, utakuta bado ziko.

Ukizikuta bado ziko, tafadhali, usishike bisibisi ukaunganisha chanya na hasi. Najua wengi wanafanya hivyo na wanajivunia ule mlio. Kapasita ya maikrofaradi 1000 kwenye volti 565 ina jouli 160 hivi. Zikitoka kwa mara moja zinayeyusha ncha ya bisibisi, na chuma kilichoyeyuka kinaruka, na macho yako yako juu yake. Chukua balbu mbili za nyuzi, wati 100 kila moja, uzifunge mfululizo kwenye waya zenye klipu za plastiki nene. Glavu mikononi, miwani usoni. Zitawaka, zitafifia, zitazimika. Balbu ikizimika usiseme imekwisha, maana kwenye volti chache nyuzi hazing'ai. Ziache dakika nyingine, pima, halafu ufunge waya kati ya chanya na hasi ubaki hapo muda wote wa kazi. Kapasita kubwa ina tabia ya kujirudishia chaji kidogo hata baada ya kunyonywa, kama sponji uliyoikamua na bado ina maji.

Umeme wa mlango mwingine je? Mtu ameshusha swichi kuu ya luku, anajua nyumba imekufa, anafungua soketi. Amesahau invata ya betri sebuleni. Invata ile kazi yake ni kungoja swichi kuu ife, iamke. Umeizindua mwenyewe! Nyumba yenye invata ina milango miwili, ukiongeza jenereta ni mitatu, na ukiongeza sola ni zaidi ya hapo. Kila mlango una swichi yake, na kila swichi inataka kufuli lake.

Jenereta nizungumzie wazi, kwa sababu hapa unayemuua si wewe. Watu wanatengeneza waya wenye plagi ncha zote mbili, wanachomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani. Swichi kuu isiposhushwa, volti 230 zinarudi nje hadi kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma haijali mwelekeo. Inayoshusha volti 11,000 au 33,000 ikienda mbele, inazipandisha ikirudi nyuma. Na huko kwenye nguzo kuna kijana aliyekuja kuwatengenezeeni laini, aliyeambiwa laini imezimwa. Jenereta yoyote inayolisha nyumba ipite kwenye chenji-ova, ile swichi ambayo haiwezi kukaa pande mbili kwa wakati mmoja. Waya wa plagi mbili ukiuona popote, ukate.

Paneli za sola hazina swichi ya jua. Mradi kuna mwanga, zina volti. Kumi zikifungwa mfululizo, kila moja ikiwa na volti 45 hivi zikiwa hazina mzigo, ni volti 450 zinazoshuka kutoka paani hata kama invata imezimwa na kufunguliwa. Na DC ina ubaya wake: umeme wa kawaida, yaani AC, wa hezi 50 hufika sifuri mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo cheche hupata nafasi ya kufa. DC haifiki sifuri. Ukichomoa kiunganishi cha paneli huku mkondo unapita, cheche inanyooka, inaendelea kuwaka, inayeyusha plastiki na ngozi. Utaratibu ni huu: zima mzigo wa AC, zima swichi ya DC, pima kwa mita ya kukumbatia waya mpaka isome ampia sifuri, ndipo uchomoe. Betri nayo haizimiki. Betri ya volti 12, Ah 200, ikipigwa shoti na spana inaweza kutoa maelfu ya ampia. Vua pete, vua saa, funga mpini wa spana kwa tepu, na uanze kufungua upande wa hasi.

Kuna jambo dogo linalopita kila siku bila kutazamwa: swichi iliyokata nyutro, waya wa kurudia, badala ya laivu, waya unaoleta umeme. Aliyefunga waya alichanganya. Taa inazimika, feni inasimama, kila kitu kinaonekana sawa, lakini laivu imebaki ndani ya kifaa ikingoja mkono. Testa ya bisibisi, ile yenye kitaa ndani, isikudanganye hapa. Inategemea mwili wako kupitisha mkondo kidogo. Ukiwa juu ya stuli kavu ya mti na viatu vya raba inaweza isiwake, na juani hata ikiwaka huioni. Mita ndiyo shahidi, na shahidi naye anahojiwa: ijaribu kwanza mahali unapojua pana umeme, kisha pima kazi yako, kisha irudishe pale pa kwanza uone bado inasoma. Mita iliyokufa katikati ya kazi husoma sifuri sawasawa na waya uliokufa.

Shinikizo na uzito nitavipitia kwa haraka zaidi, ingawa si kwa sababu vinaua kidogo.

Kompresa imezimwa, saa inasoma bar 8. Hizo ni kilo 8 hivi kwenye kila sentimita ya mraba. Kifuniko chenye kipenyo cha sentimita 30 kinasukumwa kwa zaidi ya tani tano na nusu. Hata sindano ikikaribia sifuri usiharakishe: kwenye mlango wa sentimita 60, sehemu moja ya kumi ya bar, ambayo saa kubwa haiioni vizuri, ni kilo 280 hivi zinazokungoja kwenye boliti ya mwisho. Fungua vali ya chini ya tangi, uiache wazi, ufanye kazi ikiwa wazi. Rejeta ni ndugu yake: chini ya kifuniko maji hupita nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua yanachemka yote kwa pamoja usoni. Ngoja mpaka bomba la juu uweze kulishika kwa mkono.

Mafuta ya haidroliki yana hila yake. Paipu ikiwa na tundu la sindano, mafuta hutoka kwa shinikizo la bar 150 na zaidi, na injini mpya za dizeli hupita bar 1500 kwenye reli ya mafuta. Usipapase kwa kiganja kutafuta panapovuja. Pitisha kipande cha kadibodi. Mafuta yakikuingia chini ya ngozi utaona tundu dogo tu, kama umechomwa na mwiba, na maumivu yanaweza kuchelewa. Usilale nalo. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, umwambie daktari kwa maneno haya: mafuta yameingia mkononi kwa shinikizo. Ukisema "nimechomwa" atakupa dawa ya maumivu, na mkono utaanza kuoza kwa ndani.

Na tipa. Injini imezimwa, kitanda kiko juu, fundi yuko chini yake anafungua paipu moja tu. Kilichokishikilia kitanda ni nini? Ni mafuta yaliyomo ndani ya paipu hiyohiyo anayoifungua. Akiilegeza, tani zote zinashuka, na hazishuki taratibu. Kila tipa ije na nguzo yake ya kuegemeza kitanda, isimamishwe kabla kichwa hakijaingia chini, na kitanda kiwe tupu. Jeki nayo ni ya kuinulia. Kinachobeba gari mtu akiwa chini ni stendi ya chuma, au magogo yaliyopangwa msalaba. Tofali hupasuka bila kuaga. Kijiko cha katapila, meno ya trekta, uma wa folklifti: vyote vishushwe chini kabisa kabla ufunguo haujachomolewa. Kitu kilicholala chini hakina pa kuanguka.

Wakati wa kurudisha mashine kazini, hesabuni watu kwanza, halafu vifaa. Spana ngapi ziliingia, ngapi zimetoka, kabari iko wapi, ile waya ya kwenye kapasita imetolewa? Vifuniko vyote virudi. Kila mtu atoe kufuli lake. Aliyekwenda msalani angojwe.

Sasa, mwenyekiti, maneno yametosha. Mmeuona ubao ule pale, una swichi ya fezi tatu, mota, na kapasita imefungwa. Naomba vijana wawili waje mbele, na mmoja atoke kule mlangoni. Mita ni hii hapa. Mtapima mara kumi, na wote tutahesabu kwa sauti: fezi kwa fezi tatu, fezi kwa nyutro tatu, fezi kwa ethi (waya wa ardhini) tatu, na ya kumi nyutro kwa ethi. Kabla ya hapo, mwenzenu mmoja afunge kufuli, atie ufunguo mfukoni. Karibuni.